Damu Safi Mbele ya Baba Mkwe

Nianze kwa kukiri, msije mkasikia kwa mtu mwingine: ndiyo, mimi ndiye yule ambaye watu wa Kabambare waliona nyoka wakicheza ndani ya damu yake, mchana kweupe, mbele ya sultani, mbele ya mzungu, na mbele ya baba wa msichana niliyekuwa nikimposa, na damu yenyewe niliileta mimi, nikaiweka mezani mimi, nikampa na mtu kazi ya kuitangaza. Hakuna aliyenilazimisha. Wanasema mdomo uliponza kichwa, basi mimi kilichoniponza ni kidole. (Baba mdogo Salumu akihadithia huongeza kwamba nililia. Sikulia. Jasho liliniingia machoni.)

Wakati ule, Wabeleji wakiwa bado wanatawala, nilikuwa muuguzi wa maabara pale Kasongo, na nikisema maabara msifikirie jengo, ilikuwa chumba kimoja, meza moja, dirisha kubwa kwa ajili ya mwanga, na hadubini ya zamani ambayo skrubu yake niliizungushia uzi wa kushonea ili isiteleze. Kazi yangu ilikuwa kuchunguza damu za watu na maji ya tezi za shingo, kutafuta kidudu cha ugonjwa wa usingizi, ule unaomfanya mtu asinzie na kijiko mkononi, halafu akili imtoke, halafu afe. Ndipo tukaambiwa kwamba Ulaya imetuhurumia, inatuletea mtaalamu atufundishe kazi ya maabara kama inavyofanywa kwao, alete vyombo vipya, kisha arudi zake. Akaja. Hakuwa Mbeleji, alitoka nchi nyingine huko huko, Kifaransa chake alikuwa anakitafuta kama mtu anayetafuta viatu gizani, na watu wakampa jina la Bwana Jicho Moja, maana kila akiinamia hadubini alifumba jicho moja na kukunja uso wote, na hata akiinuka uso ulichelewa kukunjuka.

Na vyombo alivileta kweli, masanduku kwa masanduku. Kulikuwa na mashine ya kuzungusha damu inayotaka umeme, na umeme sisi tulikuwa tunauona kwenye radi tu. Kulikuwa na taa ya hadubini, nayo ya umeme. Kulikuwa na makoti ya kazi ya kitambaa kizito, mtu akivaa saa nne asubuhi anaanza kuchemka. Nami nikafundishwa kunawa mikono! Mimi, Mwislamu wa Kasongo, mtoto wa watu wanaotawadha tangu babu zao, nilisimamishwa mbele ya beseni nikaonyeshwa jinsi ya kupitisha sabuni katikati ya vidole, nikasema merci. Lakini haki lazima isemwe, hadubini mpya aliyoileta ilikuwa nzuri mno, ukichungulia unajiona umepewa macho ya malaika, na hiyo ndiyo iliyonilevya.

Sasa kuhusu posa. Nilikuwa namtaka Zaina, binti wa mzee Amisi, mfanyabiashara wa mchele na vitambaa kule Kabambare. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Salumu, askari mstaafu, mwenye sauti ya kuamrisha kikosi na Kifaransa cha kambini. Mzee Amisi hakuwa na shida na mahari wala ukoo wangu. Shida yake ilikuwa moja, na aliisema wazi: kaka yake alichukuliwa na ugonjwa wa usingizi, akapelekwa kambi ya wagonjwa, hakurudi, na tangu siku hiyo alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hataolewa na mtu ambaye damu yake haijulikani. "Huyu kijana iko anashika damu ya watu wagonjwa kila siku," alimwambia Salumu. "Mimi nitajuaje yake iko namna gani?" Akasema atafikiri, na akaendelea kufikiri mpaka mvua zikaanza, zikaisha, na mimi nikawa nimekonda.

Hapo ndipo Bwana Jicho Moja akaamua tupeleke hadubini Kabambare. Kila mara kikosi cha kupima kilipofika upande ule watu walikimbilia porini, na yeye akasema wanakimbia kwa sababu hawajaona kwa macho yao, basi waonyeshwe. Tutaweka lamu mbili (lamu ni kile kibao chembamba cha kioo tunachopaka damu), moja ya mgonjwa, moja ya mtu mzima wa afya, wakubwa wa pale wachungulie zote mbili waone tofauti, kisha watatoa vidole vyao wenyewe bila kufukuzwa. Ile ya mgonjwa tunayo tayari, imekaushwa na kutiwa rangi tangu Kasongo. Damu ya mtu mzima itakuwa mbichi, itolewe palepale. "Nitatoa yangu," akasema.

Ningesema tu "ndiyo, Bwana," leo nisingekuwa na cha kuwahadithia. Lakini nilisema hapana, Bwana, watu watasema damu ya mzungu ni nyingine, afadhali iwe ya mtu mweusi, afadhali iwe yangu. Akanitazama kwa furaha akasema hilo ni wazo la akili sana. Na kweli lilikuwa na akili, siwezi kulikana, ila sababu niliyoitoa haikuwa sababu niliyokuwa nayo. Sababu niliyokuwa nayo ilivaa kanzu na ingekaa mstari wa mbele: mzee Amisi. Achungulie mwenyewe damu ya mkwe wake kwenye hadubini ya Ulaya, aone ilivyo safi kabisa! Nani ana mshenga wa namna hiyo?

Nikapanga na Salumu. Mnajua kwetu mkwe hasemeshani na baba mkwe uso kwa uso, wala hamgusi, neno linapita kwa mshenga. Basi nikamwambia: baba mdogo, wewe kaa nyuma, mzee akishachungulia lamu ya pili atauliza tu hii damu ni ya nani, kwa kuwa ndivyo alivyo, na wewe usimame utangaze. "Nitangaze kwa nguvu?" akaniuliza. Nikamwambia kwa nguvu. Mungu anisamehe, nilisema kwa nguvu.

Njia ya Kabambare sitaki kuikumbuka, kamio, yaani lori letu, ilikwama kabla ya mto Luama na tena baada ya mto Luama, Bwana Jicho Moja alikaa ameipakata hadubini mapajani kama mtoto mchanga, na masanduku mengine yote tuliyasukuma sisi. Tukafika. Asubuhi yake baraza ya nyumba ya wasafiri ikajaa: sultani kwenye kiti chake, wazee, mzee Amisi na kofia yake iliyodariziwa, wanawake upande wa ukuta, na katikati yao nikauona ukaya aliojitanda Zaina kichwani. Nikajichoma kidole, nikaweka tone kwenye lamu, nikalifunika na kioo chembamba, na wakati ule ule nilipotaka kuichungulia, Bwana akaniita nije nitafsiri hotuba yake. Nikaenda. Sikuchungulia. Na kwa nini nichungulie? Mtu anaangalia damu za watu miaka na miaka, yake mwenyewe anaijua. (Mganga hajigangi, wanasema, na mimi nilikuwa nikidhani msemo huo unawahusu waganga wa mizizi.)

Hotuba ikaisha. Lamu ya kwanza, ya mgonjwa, ikawekwa chini ya hadubini. Sultani akachungulia, akasema ahaa. Wazee wakachungulia, wakasema ahaa, kwa adabu. Mzee Amisi akachungulia kwa muda, akainuka.

"Mimi sioni kitu," akasema. "Iko rangi-rangi tu, sawa kitambaa kimechujuka."

Na hakukosea, ndugu zangu, kwa sababu kidudu cha usingizi kikikaushwa na kutiwa rangi ni kijistari kidogo kimelala kati ya chembe za damu, mtu asiyefundishwa hawezi kukiona. Nikatafsiri. Bwana Jicho Moja akasema si neno, wataona tofauti wakitazama safi. Akaondoa lamu ya kwanza, akaweka yangu, akamfanyia mzee Amisi ishara aendelee.

Mzee akainama. Halafu akarudi nyuma hatua, akashika kofia yake. Akainama tena. Alipoinuka uso wake ulikuwa umekuwa mwingine kabisa.

"Inatembea," akasema.

Sultani akanyanyuka, akachungulia. "Nyoka," akasema. "Nyoka nyingi. Zinacheza."

Mimi nikasimama pale nikijiambia hapana, watakuwa wamegusa kitu, ni uzi, ni unywele, ni vumbi la njia, huku nikijua ni nini. Minyoo ya damu. Wapo kwa watu wengi wa upande wetu, nilikuwa nimewaona kwa mamia ya watu, wembamba, warefu, wanapinda-pinda na kusukuma chembe huku na huku, hawamfanyi mtu lolote, tunawaona tunaendelea na kazi. Na haikunipitia akilini hata siku moja kwamba mbu na inzi wadogo walioniuma mimi ni wale wale waliowauma wengine!

Ndipo mzee Amisi akauliza, polepole, "Hii damu ya pili iko ya nani?"

Nikageuka nyuma. Salumu alikuwa hajachungulia kitu, alikuwa amekaa mbali akingoja swali lake tangu alfajiri, na sasa alikuwa ananyanyuka. Nikamkazia macho: kaa. Akaona macho yamenitoka, akadhani namharakisha. Nikatikisa kichwa. Akaitikia kwa kichwa. Akapiga mguu chini kama alivyofundishwa jeshini.

"Mzee Amisi!" akasema, na nadhani hata kule mbali, kijiji cha Wamaza, walisikia. "Ile damu unaona pale iko ya mukwe yako! Muangalie vizuri! Vile uliona, ndiyo vile iko, hata ndugu zake wote wako vilevile!"

Halafu mwanamke mmoja upande wa ukuta akasema, taratibu, "Maskini Zaina," na ukaya niliokuwa nautazama ukainama.

Mngedhani imeisha hapo. Bwana Jicho Moja alipoona watu wamenyamaza akachungulia na yeye, akakunja uso, na uso ulipokunjuka alikuwa anacheka kwa furaha, maana kwao huko alikuwa amewaona minyoo hao vitabuni tu. Akanipiga begani. Akasema hii ni bahati kubwa, niwaeleze watu kwamba hii si ugonjwa wa usingizi, ni minyoo ya kawaida, haiui, wengi wanayo. Yaani niwaeleze mimi! Nyoka ni wangu, mdomo wa kusema nyoka hawaumi nao ni wangu. Nikatafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno, na nilipofika "haiui" mzee mmoja akasema mwenye mbwa siku zote anasema mbwa wake haumi. Watu wakaanza kukusanya nguo zao waondoke.

Bwana akaona wanakwenda, akapata wazo jingine (huyu mtu mawazo yalikuwa yanamjia kama chafya). Atawaonyesha kwamba mimi sina ugonjwa wa usingizi, kwa kunipima hapo hapo. Vua shati. Nikasema Bwana, mbele ya baba mkwe mtu havui shati. Akasema sayansi haina aibu. Nikavua. Akanishika shingo kwa vidole vyake, akapapasa, na kwa kuwa siku ile Mungu alikuwa amegeukia upande mwingine, akakuta tezi imevimba, kwa sababu nilikuwa na jino linaloniuma tangu Kasongo. "Ah!" akasema. Nikamweleza habari ya jino. Akasema huenda, lakini mtaalamu hakisii. Basi nikachomwa sindano ya shingo juu ya baraza ya Kabambare, kifua wazi, watu waliokuwa wanaondoka wakarudi kutazama, na lile "ah" lake lilisikika mpaka kwa akina mama. Akachungulia maji ya tezi kwa muda mrefu. Hakuna kitu, akasema, safi. Nikatafsiri: safi. Hata mimi sikujiamini.

Hapo mzee Amisi akasimama. Hakunitazama, alimtazama Salumu, ambaye kwa wakati huu alikuwa ameelewa na alikuwa anajificha nyuma ya nguzo nyembamba kuliko yeye.

"Salumu," akasema, "mimi sikatai mutu kwa maneno ya wengine. Huyu muzungu atoe damu yangu, aweke pale pale, watu waone damu ya mutu iko namna gani. Kisha mimi nitasema neno yangu ya posa, na hatutarudia tena."

Bwana Jicho Moja nilipomtafsiria karibu amkumbatie, ndiye mtu wa kwanza wa Kabambare kutoa kidole kwa hiari! Akanipa sindano, akasema choma. Nikamwambia siwezi kumgusa baba mkwe. Akauliza kwa nini. Nikaeleza. Akasema ni kidole tu. Nikasema hata ukucha, Bwana. Akapumua kwa hasira, akachoma mwenyewe, akatengeneza lamu, akaiweka, kisha akaenda kunawa mikono kwa mtindo wake, sabuni katikati ya vidole vyote, akaniachia hadubini.

Nikainama. Nikawaona. Walikuwa wengi kuliko wangu, wanene, wanapinda-pinda kama watu waliofika arusini mapema.

Sikuinuka haraka. Nilibaki nimeinama nikifikiri, na sijawahi kufikiri kwa haraka namna ile tangu nizaliwe. Nikisema "safi", nimesema uongo na Zaina ameondoka, maana damu yangu itabaki peke yake na nyoka. Nikisema ukweli, nimemvua nguo baba mkwe mbele ya sultani na mji mzima, na kwetu mtu akishafanya hivyo hata akipewa mke hapewi tena salamu. Nyuma yangu nilisikia maji ya beseni yanamwagwa, Bwana anamaliza.

Nikainuka, nikamwambia Salumu, si mzee, "Baba mdogo, mwambie mzee aangalie mwenyewe kwanza. Ni damu yake."

Mzee akaja. Akainama, na akakaa pale chini ya kofia yake muda mrefu, mpaka sultani akakohoa. Alipoinuka alijifuta jicho kwa ncha ya kanzu, akaitazama hadubini, akamtazama Bwana Jicho Moja anayekuja akipangusa mikono, akawageukia watu.

"Hii kioo imechoka na njia," akasema. "Kamio imeitikisa sana. Sasa inaonyesha kila mutu nyoka yake yenyewe." Akaitoa ile lamu kwa vidole vyake, akaitia mfukoni mwa kanzu. "Salumu, ambia mukwe yangu afunike chombo yake. Mvua inakuya."

Hakukuwa na wingu hata moja. Watu wakacheka, wakapumua, wakaondoka zao wakisema kioo cha wazungu kimeharibika, bora hatukutoa damu. Nami nilikuwa nimesikia neno moja tu katika yote, mukwe yangu. Bwana Jicho Moja akaniuliza lamu iko wapi na mzee amesema nini. Nikasema amesema mvua inakuja. Akatazama juu. Akanitazama mimi. Safari yote ya kurudi hakunisemesha, aliamini kwamba nimeiharibu kazi kwa tafsiri yangu, na mpaka siku alipopanda gari kurudi kwao sikuigusa tena hadubini mpya, niliosha lamu, niliosha chupa, nilinawa mikono.

Lakini kabla ya kuondoka Kabambare, nilipokuwa nafunga masanduku nyuma ya kamio, mtu akaja akasimama karibu nami. Mzee Amisi, peke yake, bila mshenga. Nikainamisha macho.

"Zile," akasema, na sikuamini kwamba anazungumza na mimi. "Zinauaka mutu?"

"Hapana, mzee. Watu wengi wako nazo. Wanazeeka nazo."

"Na ile ya kaka yangu?"

"Ile ni ingine. Ndogo sana, hata haikutishi. Ilikuwa kwenye kioo ya kwanza."

"Ile sikuona kitu."

"Ndiyo, mzee. Ile."

Nilidhani ameondoka. Kisha nikamsikia anafungua kishikizo cha kanzu, na nilipoinua macho alikuwa amenigeuzia shingo, mzee mzima, huku akitazama upande wa mto.

"Shika," akasema.

Nikashika. Vidole vyangu vilivyozoea shingo za watu wote wa Kasongo vikatafuta njia kama vya mwanafunzi. Nikapapasa kulia, nikapapasa kushoto, nikarudia tena.

"Safi, mzee."

"Kweli?"

"Kweli."

Akafunga kishikizo. "Mama yake Zaina asijue," akasema. "Na Salumu, huyo hata usimukaribie na hii habari."

Zaina niko naye mpaka leo, na tukigombana huniambia nikae kimya mimi na nyoka zangu, nami nanyamaza. Nimeapa, na kiapo changu nakishika: damu yoyote nitakayowaonyesha watu, ya mfalme au ya mbuzi, nitaichungulia mimi kwanza, na Salumu, hata msikitini, sitamwambia tena jambo lolote alitangaze kwa nguvu.